Niliikata Kabla Sijaisikia Ikinguruma

Siku niliyoileta nyumbani pikipiki yangu ya kwanza ya zamani, sikusubiri hata jua litue. Nilikuwa nimekwisha kuazima grainda, nilikuwa na picha moja ya mfano nilioupenda, na ilipofika saa kumi alasiri mkia wa fremu ulikuwa umekatwa, madigadi ya nyuma yamelala chini, na kile kiti kirefu cha watu wawili nimekisukumia pembeni kama takataka. Ilikuwa pikipiki ya Kijapani ya mwaka 1979, injini ya silinda moja yenye cc 125 na umeme wa volti 6, ambayo muuzaji aliniambia kwamba inawaka vizuri ila inahitaji betri tu. Nilikuwa nimekata chuma cha pikipiki ambayo sikuwahi kuisikia ikinguruma hata kwa dakika kumi mfululizo. Karibu makosa yote ninayoyaeleza hapa, na karibu fedha zote nilizozipoteza, chanzo chake ni mpangilio huo wa kazi: nilianza na kinachoonekana, nikaja kushughulikia mwishoni kile kinachoiendesha pikipiki na kile kinachoisimamisha.

Picha niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtindo unaoitwa kafe resa, na laiti ningejua historia yake mapema huenda ningeacha kuiga umbo peke yake. Mtindo huo ulikua Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, miongoni mwa vijana waliokutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara kama Ace Cafe ya London, na wengi wao hawakuwa watu wa fedha nyingi. Walichukua pikipiki walizokuwa wakizipanda kila siku, wakashusha usukani, wakaondoa uzito usio na kazi, na wale waliobobea wakafunga injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, mchanganyiko ulioitwa Triton. Jambo la kuzingatia ni kwamba walizijua pikipiki zao kabla ya kuzigusa. Walikuwa wanatafuta mwendo, na lile umbo tunalolipenda leo lilikuja lenyewe kwa sababu ya kazi hiyo. Mimi nililitafuta umbo, nikashangaa mwendo haupo.

Baada ya wiki tatu za kupiga kiki bila mafanikio, niliisukuma hadi kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye nilikuwa nimemkwepa tangu mwanzo, kwa kuwa nilikuwa nimetangaza mbele ya marafiki kwamba kazi hii haihitaji fundi. Nilikuwa nimewatukana wakunga, na uzazi ulikuwa ungalipo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaizunguka pikipiki mara mbili bila kusema neno. Aliifungua plagi, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akaisukuma kiki kwa mkono polepole, na kidole kikaruka kwa upepo uliotoka.

"Kijana wangu, mgandamizo upo," alisema. "Ila hii umeikata kabla hujaiuliza inaumwa wapi."

"Nilitaka kwanza ipendeze, mzee."

"Ipendeze ikiwa imesimama?"

Kisha akanipa utaratibu ambao hadi leo ninaufuata: kwanza mgandamizo, pili cheche, tatu mafuta, na kabureta isiguswe mpaka viwili vya kwanza vimethibitishwa. Wanaoanza huwa tunafanya kinyume, kwa sababu kabureta ipo nje, ina skrubu zinazogeuka, na inatupa hisia kwamba tunafanya ufundi. Yangu niliigeuzageuza skrubu yake ya mchanganyiko kwa siku kumi, wakati ugonjwa wote ulikuwa kwenye pointi, vile vidomo viwili vidogo vinavyofunguka na kujifunga ili plagi itoe cheche. Vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Fundi alivisugua kwa msasa laini, akapitisha karatasi safi katikati yake mpaka ikatoka bila doa, akapima mwanya kwa kipimo cha bati kwa kufuata kitabu cha pikipiki hiyo, na katika kiki ya nne injini ikawaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza na mfuko mwembamba ni kwamba asitumie zaidi ya nusu ya fedha zake kununulia pikipiki yenyewe. Mimi nilimaliza karibu zote siku ya ununuzi, na kila kitu kilichofuata nilikinunua kwa kuunga-unga. Anunue pikipiki iliyo kamili hata kama ni mbaya wa sura, kwa maana rangi iliyobabuka ni kazi ya jasho tu, ilhali kifuniko cha pembeni kilichopotea, mpini wa klachi usiopatikana au swichi ya asili iliyovunjika inaweza kukuzungusha kwa miezi. Achague pikipiki iliyotengenezwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Honda CG125, kwa mfano, ilianza kuuzwa mwaka 1976 na ikaendelea kwa miongo kadhaa, na kwa sababu hiyo vipuri vyake si vya kutafutwa kwa tochi. Na kabla ya kutoa fedha, namba iliyopigwa kwenye fremu na ile ya injini zilinganishwe na hati, herufi kwa herufi, kwa kuwa hakuna ufundi unaorekebisha hati isiyolingana.

Ushauri wa pili ni mgumu kuupokea: iendeshe kwanza kama ilivyo. Ibadilishwe oili, plagi, mafuta na upepo wa tairi, breki zikaguliwe, kisha ipandwe hivyo hivyo kwa mwezi mmoja au miwili pamoja na kiti chake kibaya. Katika muda huo utajua kama gia ya tatu inaruka, kama inavuja chini ya klachi, kama usukani unagota katikati kwa sababu beringi za shingo zimelika, na kama kweli mgongo wako unataka usukani wa chini au ulipenda picha tu. Mimi nilifunga usukani wa chini kabisa, na baada ya nusu saa ya safari viganja viliwaka moto; niliuuza kwa hasara nikarudisha ule wa kwanza, ambao kwa bahati nilikuwa sijautupa. Nasisitiza jambo hilo: usitupe wala kuuza kipuri cha asili mpaka pikipiki imekwisha kutembea miezi kadhaa bila hicho. Boksi moja la vipuri vya zamani limeniokoa mara nyingi kuliko zana yoyote niliyonunua.

Kuhusu zana, nitasema moja tu, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Skrubu za pikipiki za Kijapani za zamani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na kile cha bisibisi ya kawaida ya nyota, lakini hazilingani kabisa. Msalaba wa Kijapani, unaojulikana kwa kifupi cha JIS, umekatwa kwa pembe tofauti kidogo, na ukiingiza bisibisi ya kawaida huwa haizami hadi chini. Unapokaza mkono, bisibisi hupanda, huteleza, na kukifanya kichwa cha skrubu kuwa duara. Niliharibu skrubu tano kati ya nane za kifuniko cha injini kwa jioni moja, nikilaumu ubora wa chuma. Bisibisi moja ya JIS, pamoja na ile bisibisi nzito inayogongwa kwa nyundo ili igeuke kwa mshtuko, ingenigharimu kidogo kuliko kazi ya kuzitoboa zile skrubu kwa keekee. Tangu nizipate, hata skrubu iliyokaa miaka arobaini hulegea kwa pigo la pili au la tatu, mradi imelowekwa oili ya kupenyeza tangu jana yake.

Tangi lilikuwa na kutu ndani iliyosikika ikichakacha ukilitikisa. Nililijaza siki, nikatia nati ndogo kadhaa, nikaliacha siku mbili huku nikilitikisa kila nilipopita. Ilitoka tope la rangi ya chai. Baada ya hapo nilisuuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua uchachu uliobaki, nikalikausha haraka kwa hewa ya moto na kulipaka ndani oili kidogo, kwani chuma kilichotoka kwenye siki huanza kushika kutu upya ndani ya saa chache kikiachwa na unyevu. Kazi hiyo ilikuwa rahisi na ya gharama ndogo. Kitu ambacho sitakifanya, na ninaomba asikifanye mtu yeyote, ni kuchomelea tangi lililowahi kuwa na petroli kwa kuamini kwamba limekauka. Mvuke hubaki kwenye mikunjo, na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kazi hiyo ina watu wake. Vilevile dawa ya kupuliza ya kusafishia breki isikaribie mahali pa kuchomelea, kwa sababu aina zenye klorini zikipata joto kali hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Sasa niingie kwenye umeme, ambao ndio ulionifundisha unyenyekevu. Aliyekuwa na pikipiki kabla yangu alikuwa ameunganisha nyaya kwa kuzisokota na kuzifunga utepe, na mahali pa fyuzi alikuwa ameviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Karatasi ile haiungui kwa wakati. Kinachoungua ni waya. Niliamua kuvua nyaya zote na kusuka upya, uamuzi ambao haukuwa mbaya, ila nilivua bila kupiga picha na bila kufunga lebo, nikabaki na fungu la nyaya za rangi kumi mfano wa tambi. Mchoro wa nyaya niliuchapisha kwenye karatasi kubwa na kupaka rangi kila mstari kwa penseli, na ilinichukua jioni sita kuusoma kama mtu anayejifunza kusoma herufi. Leo ningesema kwamba jioni hizo sita zilikuwa masomo bora kuliko yote, lakini wakati ule sikusema hivyo.

Umeme wa volti 6 una tabia ambayo aliyezoea volti 12 haitarajii. Balbu ya wati 36 katika volti 12 huvuta ampea 3. Katika volti 6 huvuta ampea 6, yaani waya uleule unabebeshwa mzigo mara mbili. Na kama kutu katika kiungo kimoja inameza volti moja, katika mfumo wa 12 umepoteza sehemu moja ya kumi na mbili, lakini katika mfumo wa 6 umepoteza sehemu moja ya sita, na taa inageuka kuwa kijinga cha moto. Kwa hiyo kabla ya kununua balbu kali zaidi au betri mpya, nilitakiwa kusafisha viungo. Sikufanya hivyo, nilinunua betri mbili.

Kichekesho kikubwa kilikuja baada ya kupaka fremu rangi. Niliipaka vizuri sana, tabaka tatu, nyeusi ya kung'aa, kila pembe na kila tundu la boliti. Nilipofunga kila kitu, taa zikawa hafifu, honi ikanong'ona, na nilipowasha indiketa ya kushoto taa ya nyuma ikawa inapepesa nayo. Nilifungua swichi, nikafungua rele ya indiketa, nikamshuku aliyeniuzia betri. Siku ya nne nilichukua mita ya umeme, nikaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye fremu, na mita ikaonyesha kwamba njia karibu haipo kabisa. Rangi haipitishi umeme. Katika pikipiki hizi fremu ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri, nami nilikuwa nimeifunga njia hiyo kwa tabaka tatu. Nilikwangua sehemu ndogo ya duara chini ya boliti ya hasi, upana wa sarafu, nikakwangua pia pale injini inapofungwa kwenye fremu, nikapaka grisi kidogo kuzuia kutu, na taa zikarudi. Siku hizi navuta waya mmoja mnene kutoka hasi moja kwa moja hadi kwenye injini, na mwingine hadi kwenye taa ya mbele, bila kuitegemea fremu.

Nirudi kwenye ule mkia nilioukata siku ya kwanza, maana deni lake nililipa mara mbili. Mchomeleaji aliniwekea bomba la chuma lililopindwa mfano wa kiatu cha farasi, kiti kifupi kikakaa juu yake, na nyaya za taa ya nyuma nikazipitisha chini ya kiti, zikiwa zimefichwa vizuri. Pikipiki ikiwa imesimama, kati ya tairi na kiti palikuwa na nafasi ya kutosha ngumi mbili. Safari ya kwanza yenye matuta nilisikia mlio mfupi wa kukwaruza, kisha harufu ya mpira, kisha taa zote zikazimika. Tairi lilipanda, likagusa chini ya kiti, likala gamba la nyaya mpaka shaba. Ni bahati kwamba wakati huo fyuzi ilikuwa ya kweli.

Namna ya kupima ni rahisi, na ni aibu kwamba niliijua baadaye. Vua shokapu zote mbili za nyuma, inua gurudumu kwa mkono mpaka nafasi kati ya vishikio vya shokapu ilingane na urefu wa shokapu iliyobanwa hadi mwisho, kisha uangalie tairi limefika wapi. Hapo ndipo utakapojua kiti kikae juu kiasi gani. Uongeze nafasi ya kidole kimoja au viwili zaidi, kwa kuwa tairi hutanuka likikimbia na cheni inapokazwa gurudumu husogezwa nyuma kidogo. Na mahali pa kukata pasiwe kamwe mbele ya pale shokapu zinaposhikia fremu. Anayetaka kufunga shokapu ndefu ili mkia unyanyuke kama kwenye picha ajue kwamba anaisimamisha shingo ya usukani vilevile. Usukani unakuwa mwepesi, na ukizidisha unakuwa na wasiwasi katika mwendo. Mvuto wa cheni nao upimwe upya. Pikipiki nyingi ndogo hutaka cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, na vipimo hivyo vilikadiriwa kwa shokapu za kiwandani.

Chujio dogo la koni, linalochukua nafasi ya lile boksi kubwa la hewa, ni jambo ambalo kila mtu hulifanya, nami nililifanya. Fremu ilibaki wazi katikati, ikapendeza. Injini ikaanza kupiga milipuko kila nilipoachia mafuta, ikakosa nguvu katikati, na plagi ikawa nyeupe kama chaki, dalili kwamba hewa imezidi petroli na injini inapata joto kuliko inavyostahili. Tiba ni kubadili jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, moja baada ya nyingine, ukisoma plagi kila mara. Nilinunua jeti nne, nikakaribia, sikufika. Boksi la hewa la kiwandani limehesabiwa pamoja na kabureta na ekzosi, na ukigusa kimoja umegusa vyote vitatu. Nililirudisha. Kwa mwenye bajeti ndogo sioni faida yoyote ya lile koni zaidi ya picha. Vivyo hivyo ile bandeji ya kuzungushia ekzosi: hushika maji, huficha kutu, na siku unapoifungua unakuta bomba limekuwa chujio.

Nilichokiacha mwisho kabisa ni breki na tairi, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Tairi zilikuwa na kashata, yaani meno ya tairi, nzuri na ndefu, kwa hiyo nikaziona mpya. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne zinazoeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi za kabla ya mwaka 2000 zina tarakimu tatu. Zangu zilikuwa na tatu. Mpira ulikuwa mgumu kama kwato, na barabara ilipolowana siku moja gurudumu la mbele liliteleza kwenye kona niliyoingia kwa mwendo wa baiskeli. Nilianguka taratibu, nikachubuka goti na nikapinda mpini wa klachi. Fedha za usukani uliouzwa kwa hasara, betri ya pili na zile jeti zingetosha tairi mbili mpya na viatu vya breki. Anayefungua ngoma ya breki ya pikipiki ya umri huo asipulize vumbi lake, kwa maana viatu vya zamani huenda vina asbestosi. Afute kwa kitambaa kilicholowa, akifunge kwenye mfuko na kukitupa.

Kuhusu rangi ya tangi sina mengi. Niliipuliza mwenyewe kwa makopo, ikatoka vizuri kuliko nilivyotarajia, na mara ya kwanza petroli ilipofurika mdomoni mwa tangi ikakunjamana kama ngozi ya maziwa ya moto. Rangi ya kawaida ya kopo haihimili petroli. Lazima ifunikwe na vanishi ya sehemu mbili inayokauka kwa kemikali, ambayo mvuke wake hautaki mchezo, na hutaka barakoa ya kweli na hewa ya wazi.

Nina daftari ambalo nilianza kuliandika baada ya miezi mitatu ya kazi hii, lenye kurasa za kushoto kwa kilichonunuliwa na za kulia kwa kilichofanyika na tarehe yake. Kurasa za mwanzo zimejaa vitu ambavyo havipo tena kwenye pikipiki. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili: beringi za gurudumu la mbele, zimebadilishwa, kioo cha spidomita, bado kina ufa. Ufa huo nimeuacha, kwa kuwa sindano inasomeka, na viatu vya breki ya nyuma vimekaribia alama ya kubadilishwa.